Kati ya Chupa na Ushuhuda

Kuna sentensi ya maneno mawili ambayo nimekutana nayo kwenye hadithi zetu mara nyingi hadi nimeanza kuichukia: "Aliacha pombe." Huja karibu na mwisho. Jamaa amelewa kurasa mia mbili, amepiga bibi, amelala mtaroni, amefutwa kazi, halafu mwandishi anaangalia saa, anaona hadithi inafaa kuisha, anaandika aliacha pombe. Nukta. Aya inayofuata jamaa amevaa shati safi na watu wanamwita mzee wa kanisa.

Ningependa tukae ndani ya ile nukta kidogo. Mle ndani kuna siku tatu, nne hivi, na kuna watu huingia humo na hawatoki.

Sitii chumvi. Pombe hupoza ubongo. Ukiinywa kila siku kwa miaka, ubongo hujifunza kukanyaga mafuta zaidi ili mwenyewe abaki macho, aende kazini, akumbuke jina lake. Siku ukiiondoa ghafla, ni kama breki imeng'oka na mguu bado umekanyaga mafuta. Saa sita hivi baada ya kikombe cha mwisho mikono huanza kucheza, jasho hutoka, moyo hukimbia, tumbo hukataa hata uji. Ndani ya siku mbili za kwanza mtu anaweza kuanguka kifafa hata kama ukoo wao haujawahi kuona kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne, wachache huvuka hadi mahali pabaya zaidi: homa, kuweweseka, kutojua aliko, kuona vitu ukutani na kuongea navyo. Daktari Mwingereza, Thomas Sutton, aliipa hali hiyo jina la Kilatini mwaka wa 1813, deliriamu tremensi, yaani kuweweseka kwa kutetemeka. Wengi wanaoacha pombe hawafiki huko. Lakini anayefika huko akiwa nyumbani, amefungiwa chumbani na watu wanaompenda, anaweza kufa, na mazishini watasema pombe ndiyo ilimmaliza. Hakuna atakayesema ni kuacha.

Sasa niambie ni riwaya gani ya hapa kwetu umesoma yenye hiyo siku ya tatu.

Mimi nimetafuta. Sina digrii ya fasihi. Niliacha chuo mwaka wa tatu (nayo ni sentensi fupi inayoficha mengi), lakini vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini pale mjini Kitale nimevinunua miaka mingi, na mlevi ni mhusika ambaye humkosi. Naandika nikiwa Matisi, ile ya Kitale, si ile ya Bungoma. Hapa mahindi ni kila kitu: ni ugali, ni karo, ni busaa. Unga wa mahindi unavundikwa, unakaangwa kwenye bati, unatiwa maji na kimea cha wimbi, baada ya siku chache wazee wamekaa na mirija yao. Nyanya yangu alipika busaa na karo yangu ya miaka miwili ya chuo ilitoka kwenye pipa lake. Kwa hivyo usinisome kama mtu wa kampeni. Siwezi kuitukana pombe bila kujitukana.

Turudi kwa vitabu. David Maillu alitoa My Dear Bottle mwaka wa 1973 kupitia Comb Books, kampuni yake mwenyewe. Ni utenzi mrefu wa Kiingereza wa mlevi anayeongea na chupa. Wasomi walimdharau Maillu, wakamwona ni mtu wa uchafu, Tanzania ikapiga vitabu vyake marufuku. Huku Nairobi watu wakavinunua kama njugu. Mimi niko upande wa walionunua. Maillu alimpa mlevi mdomo wake mwenyewe bila kumpandisha kizimbani kwanza, na katika fasihi yetu hilo si jambo dogo. Shida ni kwamba sauti ile inahitaji chupa mkononi ndipo iongee. Iondoe chupa na kitabu kinanyamaza. Mlevi wa Maillu hawezi kutuambia habari za Jumanne bila pombe kwa sababu Jumanne hiyo hana wa kuongea naye.

Meja Mwangi ndiye ninayempenda zaidi. Going Down River Road ya 1976 ni kitabu cha watu wa mjengo: Ben na Ocholla wanajenga ghorofa inayoitwa Development House mchana, jioni wanateremka kwenda kunywa Karara. Hakuna mwandishi wa Kenya aliyeelewa vizuri kuliko yeye kwa nini mtu hunywa. Ghorofa ya mtu mwingine inapanda kila siku kwa mikono yako na wewe jioni unarudi chini, mfuko una shilingi chache ambazo haziwezi kukununulia kitu chochote cha maana isipokuwa usingizi. Asubuhi za kitabu kile ni za kichwa kuuma na msimamizi kupiga kelele. Lakini ni asubuhi za watu ambao jioni watakunywa tena. Hakuna anayejaribu kuacha, kwa hivyo hakuna anayetetemeka. Simlaumu Mwangi. Ben na Ocholla wangeacha ili waende wapi?

Euphrase Kezilahabi, kwa Kiswahili, alituletea Zakaria katika Rosa Mistika, 1971. Huyu tunamwona kwa macho ya mke na watoto. Yeyote aliyekulia kwenye nyumba ambayo mlango ukigongwa usiku kila mtu anashika pumzi anajua kwa nini macho hayo yalihitajika, na sitaki mtu aje aniambie tumhurumie Zakaria kabla ya Regina. Ila ukimtazama mlevi kutoka nje siku zote, utaona tabia tu. Mwili wake hautauona.

Halafu kuna Munira. Hapa ndipo ninapogombana na vitabu vyetu kwa kweli. Katika Petals of Blood ya 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o anaifuata Theng'eta kutoka kinywaji cha sherehe cha kina Nyakinyua hadi kiwanda cha matajiri, na kama historia ya pombe ya Kenya sijasoma nzuri zaidi: jinsi kitu cha wazee na mirija kilivyogeuka bidhaa, kikachukuliwa kutoka kwa Wanja na Abdulla, kikarudishwa Ilmorog kikiwa kwenye chupa. Mwalimu Munira anazama humo. Kisha Lillian na dini yake mpya wanamkuta, anaokoka, anaacha, na mwishowe anawasha moto ulioua. Ngũgĩ anajua kabisa kwamba wokovu wa namna hii unaweza kuwa ulevi mwingine. Lakini kati ya Theng'eta na Biblia hakuna hata usiku mmoja wa jasho. Mtu mzima aliyezoea pombe anavuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kama anayevuka barabara ya lami. Mwandishi aliyehesabu kila senti ya wakulima wa Ilmorog hakuhesabu saa za Munira.

Nadhani najua kwa nini. Kenya kuna namna mbili tu za kusimulia mlevi na zote tumezinyonya utotoni. Ya kwanza ni kichekesho. Miaka na miaka mlevi amesimama kizimbani kwenye Vioja Mahakamani akiyumba, akimwita hakimu jina lisilo lake, na sisi tumeketi chini mbele ya runinga tukicheka hadi machozi. Ya pili ni ushuhuda. Bwana asifiwe, nilikuwa mlevi mkubwa, nililala kwenye mitaro, siku moja nilisikia sauti, na tangu siku hiyo sijaonja tena. Ushuhuda una sheria zake kama utenzi una vina: lazima mtaro uwe mchafu sana, lazima mabadiliko yawe ya siku moja. Ukisema ilichukua siku nne na sindano, unaharibu muundo. Muujiza gani huo wa kuwekewa dripu?

Na bado ushuhuda maarufu kuliko wote duniani ulitokea kitandani hospitalini. Bill Wilson, aliyeanzisha Alcoholics Anonymous huko Marekani mwaka wa 1935, alipata mwanga wake mkubwa Desemba 1934 akiwa amelazwa Towns Hospital, New York, chini ya daktari, akiwa amepewa dawa. Wanaonakili ushuhuda wake hunakili mwanga na kuacha kitanda.

Hata lugha imetufanyia hivi. Watu wa Mombasa wana neno arosto, ile hali ya mtu wa unga aliyekosa unga: mifupa inauma, pua zinatiririka, halali. Ukisema fulani ana arosto, hata mtoto wa mtaa anajua huyo ni mgonjwa. Na arosto ya unga, pamoja na mateso yake yote, ni nadra kumuua mtu peke yake. Ya pombe inaua, na haina jina. Tulicho nacho ni kutoa loki. Umeamka, mikono inacheza, unatafuta kikombe cha kwanza cha kufungua siku. Watanzania wana kuzimua, neno tamu zaidi, kama vile kuna moto unazimwa. Angalia ajabu hiyo: dawa tumeipa majina mawili mazuri, ugonjwa hatujaupa hata moja. Anayetetemeka bila kikombe tunamwambia tu "unatetemeka," kama ambaye amesahau sweta.

Na akitafuta msaada, magazeti yetu yanasema amepelekwa "kituo cha kurekebishia tabia." Mtaani tunasema rihabu na tunaendelea. Lakini hebu lisikilize lile jina rasmi. Tabia. Mtu ana kifafa na sisi tunamrekebisha tabia.

Nina sababu ya kukasirikia maneno. Mjomba wangu, kaka ya mama, ni fundi wa mawe. Nyumba nyingi za Matisi zina ukuta wake. Alikunywa chang'aa kila siku kwa muda ambao mimi nimekuwa hai, na alikuwa fundi mzuri akishatoa loki. Kabla ya hapo timazi ilimshinda. Jumapili moja aliamua kuacha. Aliamua kweli, hakuna aliyemlazimisha. Nyanya, mwenye pipa, alifurahi kuliko wote. Wakamweka chumba cha nyuma, wakafunga mlango kwa nje ili shetani asimwite, watu wa maombi wakaja kwa zamu. Jumatatu alitapika na kutetemeka na wakasema roho chafu inatoka. Jumanne jioni alianguka, akatoa povu, akajikojolea, na wakasema hiyo sasa ndiyo inatoka kabisa. Usiku alianza kupangusa siafu mikononi. Hakukuwa na siafu.

Tulimbeba kwa bodaboda, mimi nyuma nikimshikilia, hadi kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Aliyekuwa zamu alinusa, akasema huyu ni mlevi, mrudisheni nyumbani alale. Mjomba hakuwa amegusa pombe siku tatu. Kile alichokinusa sijui kilikuwa nini, labda sifa yake.

Mahali pa pili tulimkuta klinika ofisa kijana, pengine umri wangu, na huyo aliuliza swali moja ambalo hakuna mtu mwingine alikuwa ameuliza, si kwa maombi, si kwa mlango wa kwanza: "Amekunywa mara ya mwisho lini?" Jumamosi usiku, nikasema. Alihesabu kwa vidole. Kisha akafanya kazi haraka: dayazepamu ya kutuliza ule ubongo unaokimbia, sindano ya thiamini, yaani vitamini B1, kabla ya dripu yoyote ya sukari, kwa sababu mlevi wa miaka mingi huwa ameishiwa nayo na sukari ikitangulia inaweza kumharibu ubongo. Mjomba alilala. Alikaa wadi siku sita, dozi ikipunguzwa kidogo kidogo.

Amekunywa mara ya mwisho lini? Nimekuwa nikisoma vitabu na swali hilo mkononi tangu siku ile na ni kama kumulika tochi kwenye ghala. Niliwauliza Munira, Zakaria na wengine wote. Hawana jibu, waandishi wao hawakuwahi kutazama saa.

Aliyetazama saa ni Mfaransa. Émile Zola, L'Assommoir, kitabu cha 1877. Coupeau ni fundi wa paa za mabati jijini Paris, mtu wa mjengo kama Ben, kama mjomba. Anaanguka kutoka juu ya paa, anavunjika mguu, mkewe Gervaise anamuuguza nyumbani kwa akiba aliyokuwa ameiweka afungue biashara ya kufua nguo. Mguu unapona, hamu ya kazi haiponi. Anaanza kukaa baa, na ndani ya baa hiyo kuna mtambo wa kukereka pombe ambao Zola anauandika kama mnyama anayehema. Msomaji wa Matisi hahitaji maelezo ya mtambo huo. Tofauti ni kwamba wetu ni pipa, mfereji wa shaba na maji ya mto.

Lakini ni mwisho wa Coupeau ninaotaka uone. Yuko Sainte-Anne, hospitali ya wagonjwa wa akili. Zola hamwachi. Anakaa naye chumbani ukurasa baada ya ukurasa: panya, maji, watu wanaomtukana, joto, mikono, halafu miguu inayocheza dansi peke yake hata mgonjwa akiwa amelala, na madaktari wamesimama hapo wakiitazama miguu ile wakiuliza alikuwa anakunywa kiasi gani. Hakuna mahubiri. Anaangalia tu. Wakati ule watu waliamini ni sumu ya pombe yenyewe inayofanya hivyo. Ilichukua hadi 1955 kuthibitisha kwamba ni kukatwa ghafla ndiko kunakoleta kifafa na kuweweseka, pale Harris Isbell na wenzake huko Lexington, Kentucky, walipowanywesha pombe wanaume kumi kila siku, wengine kwa wiki nyingi, kisha wakaikata wakaandika kilichotokea. (Wanaume hao walikuwa waraibu wa zamani wa mofini. Huo ni utafiti ambao leo hakuna kamati ingeupitisha, na ni sawa.) Zola hakuijua sababu, lakini alikijua kile kinachoonekana, na kwa mwandishi hicho kinatosha.

Kisha anaandika jambo la kutisha kuliko panya wote. Gervaise anarudi nyumbani kutoka hospitalini, na majirani wanamwuliza: hebu tuonyeshe, alikuwa anafanyaje? Na yeye anasimama katikati ya chumba anamwiga mumewe, mikono, miguu, uso. Watu wanatazama. Mumewe bado yuko hai kule anacheza dansi yake. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini nikakumbuka Vioja Mahakamani.

Kuna atakayesema fasihi si kliniki, na kwamba mwandishi hana deni la kufundisha watu dozi. Nakubali. Sitaki riwaya yenye dozi. Ninachosema ni kwamba kuna tukio kubwa, la hatari, linalotokea kwenye vyumba vya nyuma nchi hii kila wiki, na sisi tunaojiita waandishi tumelipita mlangoni. Utafiti wa NACADA wa 2022 ulisema Mkenya 1 kati ya 20 wa umri wa miaka 15 hadi 65 ana uraibu wa pombe. Hao ni zaidi ya watu milioni moja, na kila mmoja wao siku moja atajaribu kuacha au atakosa pesa au atalala seli, na saa yake itaanza kuhesabu.

Magazeti nayo hupenda kifo cha kunywa. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, mitaa ya Mukuru, kwa kumi kumi yenye methanoli, na Februari 2024 tukarudia habari hiyo hiyo Kirinyaga. Vifo hivyo vinahesabika kwa kuwa vinakuja kwa kundi. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta alipowaagiza viongozi wa eneo la Kati waongoze msako wa pombe haramu, picha ninazokumbuka ni za pombe ikimwagwa na vijana wakishangilia. Nilikuwa mtoto wa shule na nilishangilia pia. Mtu fulani angefaa kuandika hadithi ya asubuhi ya tatu baada ya msako, kwenye kijiji ambacho kila baa imefungwa na kila mkono unacheza.

Hata serikali ina fasihi yake, ile fupi kabisa iliyo kwenye lebo. Sheria ya 2010 ya kudhibiti vileo, ile iliyoitwa Sheria ya Mututho na ambayo pia ilihalalisha chang'aa kwenye karatasi, inataka chupa iwe na onyo: pombe nyingi ni hatari kwa afya, inaharibu ini, usiendeshe gari, si ya walio chini ya miaka 18. Ni maonyo mazuri. Yote yanamwongelesha mtu ambaye bado anaweza kuchagua. Hakuna hata moja linalomwambia yule wa kila siku: ukitaka kuacha, usiache peke yako. Chang'aa ya Matisi, bila shaka, haina lebo. Inakuja kwenye jeriken ya mafuta ya kupikia.

Kilicho bora zaidi nilichokipata katika eneo letu si riwaya. Ni kazi iliyofanyika Eldoret, chini ya mpango wa AMPATH pale Hospitali ya Rufaa ya Moi. Mtafiti Rebecca Papas na wenzake walichukua tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa ng'ambo, wakaitoa upya kwa Kiswahili kwa watu wenye virusi vya ukimwi wanaokunywa, wakiwafunza washauri wa kawaida, si madaktari, kuendesha vikundi: vikao sita, kimoja kila wiki. Matokeo yalichapishwa, unywaji ulipungua. Lakini mimi nawaza kuhusu lugha. Hebu fikiria wale watu wa busaa na chang'aa wameketi kwenye viti vya plastiki, mtu anawaomba waseme kwa Kiswahili kile mwili hufanya saa kumi na moja alfajiri, na kila mmoja anatafuta neno. Siku moja mtu aliyeketi kwenye viti vile ataandika, na huyo mimi nitamnunua kwa bei ya kitabu kipya, si mtumba.

Nikiulizwa ukurasa huo uweje, nitasema uwe mrefu. Usiwe na malaika. Uwe na ndoo, godoro la sponji lililolowa, mtu mmoja anayehesabu saa na mwingine anayedai anajua. Uwe na nauli. Kitale hadi Eldoret ni safari ya kilomita sabini hivi na mtu anayetetemeka kwenye matatu hukaliwa mbali na abiria wote, hiyo tu ni hadithi fupi nzima. Uwe na mama anayelaumiwa. Uwe na ile aibu ya kumpigia mtu simu, kwa maana kuna laini ya bure ya NACADA, 1192, na najua watu walio na nambari hiyo kwa simu miezi mingi wasiibonyeze. Na ucheke pia, tafadhali, kwa sababu mjomba akiwa wadini alimwomba muuguzi amwite daktari wa mifugo aje atoe siafu, na hata yeye mwenyewe hucheka akikumbuka.

Ken Walibora, ambaye ni wa huku kwetu, alimtoa kijana Tanga katika Siku Njema akamleta hadi Kitale kumtafuta baba. Hiyo ni njia ndefu sana ya kuandika kwa uvumilivu, mji kwa mji, njaa kwa njaa. Najua basi kwamba Kiswahili kinaweza kumfuata mtu pole pole. Kutoka Jumapili hadi Alhamisi ndani ya chumba kimoja ni mwendo mfupi zaidi.

Mjomba si msomaji. Mwezi uliopita alikuwa anajenga choo cha jirani na mimi nilikuwa nimekaa juu ya mawe nikisubiri malipo ya kazi fulani yaingie kwa simu, nikamsimulia Coupeau. Alisikiliza bila kuacha mwiko. Kwenye panya akanikatiza: kwake hakukuwa na panya, na huyo Mzungu hajaandika sauti. Yeye usiku ule alisikia posho mill ikisaga usiku kucha, na posho mill ya karibu na kwetu ilikuwa imekatiwa stima wiki nzima. Nikamwambia kuhusu miguu. Akasema miguu ni kweli. Nikafika kwa Gervaise na majirani, nikasita kidogo, nikamwambia tu. Alisawazisha simiti, akapima na timazi, akasema hata hapa walimwiga, kwa kinyozi, na akaanza kunihesabia ni nani na nani, na nani kati yao aliiga vizuri.